Baiskeli Iliyolala Siku Tisa

Jumapili ile nilirudi kutoka kanisani nikamkuta baba anafagia uwanja. Nilisimama pale na Biblia yangu kwapani, nisijue nicheke au niogope. Baba yangu, mzee Njuki, hakuwa ameshika ufagio tangu nizaliwe, na mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili.

"Unatazama nini?" aliniuliza. "Ingia umsaidie dada yako kujipamba. Mwenye baiskeli amerudi kutoka Meru. Ameonekana barabarani."

"Dada ajipambie nini, Baba?"

"Wawira, wewe unasoma kila jioni na bado hujui kitu."

Ni kweli sikujua kitu. Na kile kidogo nilichojua kilikuwa kimenivuruga akili kwa siku tisa nzima.

Huo ulikuwa mwaka wa 1956. Tulikuwa tukiishi katika kijiji kipya karibu na Manyatta, ambako serikali ya wakoloni ilituhamishia kwa nguvu wakati wa Hali ya Hatari, nyumba zimebanana, handaki limetuzunguka, na jua likikaribia kutua kila mtu alitakiwa awe ndani. Lakini saa kumi za alasiri kulikuwa na darasa la watu wazima pale kanisani, na huko ndiko nilikomfahamu Bundi. Alikuwa fundi wa baiskeli katika mji wa Embu, ingawa kwao ni Kianjai, mbali huko Meru. Yeye alikuja kujifunza kuandika barua. Mimi nilikuja kwa sababu nilitaka kusoma Zaburi bila kusomewa na mtu.

Kila Alhamisi Bundi alileta kijitabu cha picha alichopewa na tajiri wake wa dukani. Ndani yake mlikuwa na baiskeli tu, ukurasa baada ya ukurasa, zinang'aa kana kwamba hazijawahi kuona matope. Mwalimu alituruhusu kukipitisha mkono kwa mkono kabla ya sala ya kufunga, na kila mtu alichagua yake. Mama Cicily, ambaye meno yake yalikuwa matatu, alichagua ya magurudumu matatu, akasema hiyo haiwezi kumwangusha na tena itabeba majani ya ng'ombe. Mwalimu mwenyewe alichagua ya mashindano, ile ambayo usukani wake umepinda kama pembe za kondoo dume. Tukamwuliza atainamaje na tumbo lile.

Bundi hakubadilisha chaguo lake hata siku moja. Yake ilikuwa nyeusi, ndefu, ya gia tatu, mnyororo umefungiwa ndani ya kisanduku chenye mafuta usiguswe na vumbi, na taa inayowashwa na gurudumu lenyewe. "Mtu akiwa na hiyo," alikuwa akisema, "anapanda milima ya Meru ameketi." Aliposema hivyo sauti yake ilishuka kama ya mtu aliye kwenye maombi.

Mimi niligusa picha moja kwa kidole, mara moja tu. Ilikuwa baiskeli ya kike, ya rangi ya kijani kama jani la mgomba, haina chuma cha kati, na ina wavu mdogo juu ya gurudumu la nyuma ili sketi isinaswe. Sikusema neno. Nilikuwa naona haya kutamani.

Kwa miaka miwili Bundi aliniambia mengi juu ya gia tatu. Juu yangu mimi hakusema kitu. Alinitazama, ndiyo. Nilipokuwa nasoma kwa sauti alinitazama mpaka nikapoteza mstari. Siku moja tu alisema, "Nikinunua baiskeli yangu nitapita kwenu." Kupita. Niliomba juu ya neno hilo wiki tatu, nikimwuliza Mungu kama ni neno la mapenzi au ni neno la mtu mwenye baiskeli. Sikupata jibu.

Kisha, siku tisa kabla ya Jumapili ile, nilikuwa kwenye kazi ya lazima tukichimba matuta. Dada yangu Nelius alibaki nyumbani kwa sababu mguu wake ulikuwa umevimba. Niliporudi jioni nilikuta baiskeli imesimama ndani, karibu na kitanda cha mama. Ilikuwa ya kike, ya kijani, na ilikuwa na wavu.

"Ya nani?" niliuliza.

"Ya Bundi," Nelius alijibu bila kunitazama. "Amepata pasi ya serikali ya kusafiri kwenda kumwona mama yake, ni mgonjwa. Basi lilikuwa linamngoja. Ameiacha."

"Amesema nini?"

"Amesema ameiacha."

Sasa, kwetu kijana akileta mzigo na ukalala ndani ya nyumba bila kurudishwa, ameomba msichana. Zamani mzigo huo ulikuwa kibuyu cha asali. Msichana aliyeupokea kwa mkono wake ndiye aliyeombwa, na kijana akirudi, msichana huyo humpa uji kwa mkono huohuo. Akinywa, maneno yamekwisha, wamebaki mbuzi wa mahari. Msichana akitaka kukataa, anaurudisha mzigo yeye mwenyewe mbele ya watu. Baba alipoingia jioni ile akaona baiskeli, aliuliza swali moja tu: "Nani ameipokea?" Nelius akasema, "Mimi."

Nelius alikuwa na miaka ishirini na saba. Mwanamume aliyemchumbia aliondoka mwaka wa kwanza wa Hali ya Hatari, na mpaka siku hiyo hatukuwa tumeona barua wala kusikia habari. Miaka minne dada yangu alifua, akalima, akanyamaza. Baada ya baiskeli kuingia, alianza kuimba. Kila asubuhi aliipangusa kwa kitambaa, spoki moja moja, akiimba nyimbo za kanisani ambazo nilidhani amezisahau. Ningesema nini mimi? Kwamba niligusa picha kwa kidole? Usiku nililala kando yake nikiomba kimoyomoyo: Ee Bwana, kama ni wa Nelius niondolee wivu, na kama ni wangu nipe mdomo.

Bundi alifika saa nane, kwa miguu, peke yake, na kifurushi cha majani ya chai mkononi. Baba alikuwa ameketi na wazee wawili wa ukoo. Mmoja wao, mzee Ndwiga, alimtazama kutoka viatu mpaka kofia.

"Kijana, uko peke yako?"

"Niko peke yangu, mzee."

"Watu wa Meru ni jasiri," mzee Ndwiga alisema, na wote wakacheka, kwa maana kwetu mposaji huja na wazee wake.

Baba alikohoa. "Mimi nilikuwa nimesema binti yangu haendi kuolewa mahali ambapo nitahitaji pasi ili nimsalimu. Mama yake ni shahidi. Lakini nikaiangalia ile baiskeli siku ya kwanza, siku ya pili, na ya tatu nikasema, huyu si mtu wa mchezo."

"Asante, mzee," Bundi alisema, na uso wake ukang'aa. Alinitafuta kwa macho. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilitazama vidole vya miguu yangu.

Nelius alitoka na kibuyu cha uji wa wimbi. Alikuwa amevaa leso mpya aliyonunuliwa na baba, na mguu wake haukuonekana kuuma tena. Alipiga magoti kidogo, akampa. Nilitaka kupiga kelele. Bundi alipokea kwa mikono miwili, akanywa bila kupumua mpaka mwisho, akajipangusa midomo.

Wazee walipiga makofi.

"Uji mzuri," Bundi alisema, akishangaa makofi ni ya nini. "Sasa, wazee wangu, mimi nimekuja kwa ajili ya jibu."

"Jibu umelinywa!" mzee Ndwiga alisema, na kicheko kikazunguka uwanja mzima.

Bundi alicheka kidogo pamoja nao, kama mgeni anayecheka utani asioujua. Kisha akanitazama tena, kwa muda mrefu safari hii. Nilijua nikiinua uso nitalia, na nikilia nitamwaibisha dada yangu. Sikuinua. Nikasikia kicheko chake kikiisha.

"Basi nimeelewa," alisema polepole. "Hakuna ubaya. Naomba niondoke na baiskeli yangu."

Hata kuku waliacha kuparua.

"Uondoke nayo?" baba aliuliza. "Baada ya kunywa?"

Nelius alikuwa bado ameshika kibuyu. Niliona vidole vyake vikibadilika rangi.

Mama yangu, Teresia, ndiye aliyetuokoa dakika ile. "Kijana hana maana hiyo, Baba Nelius. Anataka kuangalia magurudumu. Siku tisa upepo hutoka. Wawira, mwonyeshe ilipo!"

"Kwa nini Wawira?" baba aliuliza.

"Kwa sababu Nelius ana vyombo mkononi. Au unataka mgeni apapase mwenyewe chumbani kwangu?"

Ndani, baiskeli ilikuwa imefunikwa kwa shuka ambalo mama hulitoa siku ya Krismasi tu. Bundi aliliondoa, akainama, akabonyeza tairi la mbele kwa dole gumba, halafu la nyuma.

"Upepo upo," alisema. Hakunitazama.

"Nelius huipangusa kila asubuhi."

"Na wewe?"

"Mimi sijaigusa."

"Hata mara moja?"

"Si yangu, Bundi. Nitaigusaje?"

Aliinuka. "Basi hilo ndilo jibu lako. Lakini ungeniandikia. Tumefundishwa barua pamoja, Wawira. Ungeandika, Sitaki. Ni neno fupi."

"Jibu la nini? Wewe umekuja kumwoa dada yangu, halafu unaniuliza mimi jibu?"

"Kumwoa nani?"

"Usipaaze sauti. Alipokea mzigo wako kwa mkono wake, na leo umekunywa uji wa mkono wake mbele ya wazee. Kwetu hapo maneno yamekwisha."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa amekufa na hajui saa ngapi. "Nilikuwa na kiu! Nimetembea kutoka Embu na jua hili!"

"Kwenu hakuna uji?"

"Kwetu uji ni uji!"

Wakati mwingine ningecheka. Nilishika nguzo ya kitanda. Nikauliza swali ambalo nilikuwa nimeliuliza mbinguni siku tisa. "Baiskeli hii ni ya nani?"

"Wewe hujui?"

"Sijui. Hujawahi kuniambia."

"Nilidhani nimesema."

"Lini?"

"Kila Alhamisi."

"Kila Alhamisi ulisema gia tatu!"

Alivua kofia akaizungusha mikononi. "Ile ya gia tatu ilikuja dukani," alisema. "Ilikuwa mle, Wawira, nyeusi, bado imefungwa karatasi. Tajiri aliniruhusu niishike. Nilizungusha pedali nikasikia gia zinabadilika, tik, tik, tik. Nilikuwa nimeweka akiba kwa ajili ya sauti hiyo tangu nije Embu. Halafu nikaona hii nyuma yake, ukutani. Nikakumbuka kidole chako. Siku mbili sikula vizuri. Siku ya tatu nikachukua hii." Alipiga kiti cha baiskeli kwa kiganja. "Hivi kuna mwanamume mwenye akili anaweza kujinunulia baiskeli isiyo na chuma cha kati?"

Ningependa kusema kwamba nilifurahi. Nilifurahi, lakini haikufika hata dakika moja. Nje, nyuma ya ukuta, nilisikia maji yakimwagwa. Nelius alikuwa anaosha vyombo, na safari hii haimbi.

"Mwachie Nelius," nilisema.

"Nimwachie nini? Baiskeli?"

"Kila kitu. Amengoja miaka minne. Wewe ni mtu mwema, atakutunza. Mungu atatubariki sote watatu."

Uso wake ulibadilika. "Unanigawa?"

"Bundi..."

"Mimi si sukari, nigawiwe watu. Kama hunitaki, sema hunitaki, nitaondoka. Lakini usimtie Mungu katikati ili usione haya." Alifunika baiskeli tena kwa lile shuka. "Na nilisema. Kwako labda sikusema, lakini kwa dada yako nilisema. Nilimwambia hivi: Hii ni ya Wawira, akiikubali iwe yake, akiikataa nitaichukua nikirudi."

"Ulimwambia Nelius?"

"Kwa mdomo huu."

Sikumbuki nilivyotoka. Nilimkuta Nelius ameinama juu ya karai la maji, anasugua kibuyu ambacho kilikuwa safi tayari.

"Dada, alikuambia ni ya nani?"

Aliendelea kusugua. "Aliniambia."

"Na wewe ukaniambia ameiacha."

"Nilitaka kukuambia siku ileile. Ulichelewa matutani. Kabla hujarudi alipita Mama Gitari, akaiona, akapiga vigelegele. Akaniita bibi arusi." Sasa aliinua uso. "Unajua ni miaka mingapi hakuna aliyeniita kitu, Wawira? Hata kwa matusi? Nikasema, nitamwambia kesho. Kesho yake baba akaniletea leso. Baba, ambaye hununua chumvi kwa kulazimishwa. Nikasema, nitamwambia kesho kutwa."

"Siku tisa!"

"Wewe ulikuwa unaomba kila usiku hapo kando yangu. Nilikusikia. Na mimi nilikuwa naomba. Naomba mama yake asipone haraka, ili asirudi." Machozi yalimshuka, lakini sauti haikutetemeka. "Omba unavyojua, mimi nimeomba ubaya kama huo kwa Mungu huyohuyo."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumshika nimkumbatie. Mikono yangu haikufanya hili wala lile.

"Utanisema kwa baba?" aliuliza.

"Sijui."

"Wewe kila kitu hujui," alisema, akajipangusa mikono kwenye ile leso mpya, akanipita.

Aliingia ndani. Nilisikia Bundi akisema neno, na Nelius akimjibu, "Nyamaza wewe." Kisha akatoka akisukuma baiskeli, kichwa juu, mpaka katikati ya uwanja ambao baba alikuwa ameufagia. Magurudumu yaliacha mistari miwili kwenye vumbi. Bundi alimfuata nyuma kama mshitakiwa.

"Wazee," Nelius alisema, "mzigo huu niliupokea kwa mkono wangu, na kwa mkono wangu naurudisha. Meru ni mbali. Sitaki."

"Nelius!" baba aliinuka.

"Msichana ana ruhusa ya kukataa kabla ya mbuzi, Baba. Au mmeibadilisha mila?"

Mzee Ndwiga alitikisa kichwa kwa huzuni. "Haijabadilishwa," alisema.

Bundi alifungua mdomo. Nelius alimtazama mara moja, naye akaufunga. Ndipo nilipoelewa alichokuwa akifanya dada yangu. Kijijini watasema Nelius wa Njuki alimkataa mtu wa Meru pamoja na baiskeli yake. Hakuna atakayesema aliachwa mara ya pili. Alikuwa amejiokoa, na katika kujiokoa alikuwa ameniachia njia iliyofungwa, kwa maana baba alisema papo hapo:

"Basi, kijana, umesikia. Chukua kitu chako. Na kwangu mimi, mtu akikataliwa mlango mmoja, haji kubisha mwingine."

Sijui kama alinitazama aliposema hivyo. Nadhani alinitazama.

Bundi alishika usukani. Aliaga wazee mmoja mmoja, kama alivyofundishwa kwao, kisha akaanza kusukuma baiskeli kwenda barabarani. Alikwenda polepole. Sikuomba. Kwa mara ya kwanza katika siku tisa sikuwa na ombi hata moja kinywani, na labda ndiyo maana kinywa kilipata nafasi ya kusema.

"Baba," nilisema, "mimi sijamkataa."

"Nani amekuuliza wewe?" mzee Ndwiga alisema.

"Hakuna aliyeniuliza, mzee. Ndiyo maana nasema."

Bundi alisimama. Hakugeuka.

Baba alimgeukia mama. "Teresia, hawa ni watoto wa aina gani?"

"Ni wako," mama alisema. "Una mabinti wawili, na wote wana midomo. Mshukuru Mungu."

Baba alikaa. Alimtazama Nelius, akanitazama mimi, akamtazama Bundi mgongoni. Mzee Njuki hakwenda shule hata siku moja, lakini hakuwa mjinga. "Wawira," alisema kwa sauti ya chini, "baiskeli hii ililetwa kwa nani?"

Mimi ni mtu wa kusema kweli. Nilifundishwa hivyo na nimefundisha wengine hivyo katika shule ya Jumapili. Lakini nilimwona Nelius kando ya mlango, ameshika ukingo wa leso, anangoja.

"Iliachwa, Baba," nilisema. "Iliachwa tu."

Mpaka leo sijui baba alichokiamini. "Kijana!" aliita. Bundi akageuka. "Ondoka nayo hiyo. Imelala kwangu bila mpango. Na ukirudi, usirudi peke yako."

"Baba yangu hana pasi ya kufika huku, mzee," Bundi alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajui kama amefukuzwa au amekaribishwa.

"Basi mwombee pasi. Wewe si ulikuja hapa kujifunza kuandika barua?"

Bundi alinitazama. Sasa niliinua uso. Hatukutabasamu, tulikuwa tumechoka mno. Aligusa kofia yake, akaipanda ile baiskeli ya kike, magoti yake marefu yakipanda karibu na usukani, na mzee Ndwiga akacheka mpaka akakohoa. Nilimtazama mpaka akapotea.

Kisha nikaingia ndani. Nelius alikuwa ameketi kwenye kitanda cha mama, analikunja lile shuka, kona kwa kona. Niliketi kando yake. Kwa mazoea tu, nilifumba macho.

"Usiniombee," alisema.

"Dada..."

"Leo usiniombee, Wawira. Kaa hapo tu."

Nikafumbua macho. Nilikaa hapo, moyo umejaa furaha ambayo sikuweza kuionyesha na huzuni ambayo haikuwa yangu. Hata mikono yangu, ambayo haikuwa na la kufanya, sikujua niiweke wapi. Nelius alisukuma upande mmoja wa shuka kwangu, nikaushika, tukalikunja pamoja.